Haki ya njia: Asubuhi moja juu ya baiskeli mjini Dodoma

Dada yangu aliniita Dodoma kwa shauri moja. Mwanawe, aliyetimiza miaka 12, alikuwa akiomba baiskeli tangu Ramadhani, na mama yake alikuwa akikataa. Shule iko kilomita nne kutoka nyumbani, na madrasa iko katika njia hiyo hiyo. Kwa miguu mtoto hutumia karibu saa nzima kwenda na saa nyingine kurudi, na mara nyingi huingia madrasa wenzake wakiwa wamekwisha kuanza. Kwa baiskeli angetumia dakika 20. Baba yake alitaka anunuliwe. Mama yake hakutaka, kwa kuwa mwaka uliopita mtoto wa jirani aligongwa na pikipiki akiwa juu ya baiskeli, akavunjika mguu, na hata leo huchechemea.

"Wewe ndiye mjomba wake," dada aliniambia kwa simu. "Njoo uitazame njia kwa macho yako, kisha useme."

Katika jamaa zetu neno la mjomba halitupwi, na kwa sababu hiyo halifai kutolewa kwa haraka. Nilikata tiketi ya treni.

Treni ya reli mpya hutoka Dar es Salaam, hupita Morogoro, kisha huikabili milima ya Kilosa ikiingia na kutoka katika mahandaki. Baada ya hapo nchi hubadilika sura. Ukijani hupungua, mibuyu husimama mmoja mmoja katika uwanda mpana, na macho hufika mbali. Uwanda huu wa kati uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Nilifika mwezi wa Agosti, wakati upepo unapolichota vumbi la barabarani na kulimwaga katika kila ua.

Mji wenyewe umelala juu ya tambarare, na vilima vichache vya mawe vimechomoza kati ya nyumba. Kwa mwendesha baiskeli hii ni neema. Hakuna mpando mrefu, hakuna joto la unyevunyevu kama la pwani, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka hakuna mvua ya kumtosa mtu njiani. Walioichora Dodoma walilijua jambo hilo.

Dodoma ilikua kutokana na stesheni ya reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliizoea kwa jina la CDA, ikaundwa. Mwaka 1976 ukatolewa mpango mkuu wa mji, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Ulikuwa wakati wa Ujamaa, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote. Mpango ule haukumtanguliza mwenye gari. Ulikusudia makazi yagawanywe katika jumuiya ambamo mahitaji ya kila siku yanafikika kwa miguu, jumuiya hizo ziunganishwe kwa mabasi, na waenda kwa miguu pamoja na waendesha baiskeli wawe na njia zao. Gari la mtu binafsi liliwekwa nyuma ya hao wote.

Miaka mingi ikapita fedha zikiwa haba na Serikali ikiwa bado Dar es Salaam. Uhamisho ulipata nguvu mwaka 2016, CDA ikavunjwa mwaka 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta watu zaidi ya 410,000, na ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, upande wa mashariki, katika barabara iendayo Dar es Salaam, na watumishi wakawa wanakwenda huko kila asubuhi na kurudi jioni. Lami ikaenea mitaani. Mji uliokusudiwa kuwa wa mguu na baiskeli ukajaa magari, bajaji na bodaboda kabla wenyewe hawajazoea. Mpwa wangu alizaliwa katikati ya mabadiliko hayo, na njia yake ya shule inapita humo.

Siku ya Ijumaa, kesho yake baada ya kufika, shemeji alinichukua kwa gari kwenda kuswali. Tulichelewa kidogo. Uwanja wa msikiti ulikuwa umejaa, basi akaegesha kando ya barabara pamoja na magari mengine mengi, magurudumu mawili yakiwa juu ya njia ya zege na mawili yakiwa chini. Tukaingia, tukasikiliza hotuba, tukaswali, tukarudi nyumbani. Sikuliwazia jambo lile tena mpaka siku iliyofuata.

Jumamosi, baada ya Swala ya Alfajiri na uji wa ulezi, tulitoka watu watatu. Shemeji alipanda baiskeli yake kuukuu ya Phoenix na mpwa wangu akaketi nyuma juu ya keria. Mimi niliazima baiskeli ya jirani, baba wa yule mtoto aliyeumia. Alinikabidhi bila maneno mengi, ila alizibana breki zote mbili mara kadhaa kabla hajauachia usukani.

Robo ya kwanza ya safari ilikuwa katika mitaa ya udongo. Wanawake walikuwa wakifagia nyua, kuku wakikatiza, na mashimo yakiwalazimisha wenye magari kwenda kwa utaratibu. Tulisalimiwa kila hatua. Huko ndiko nilikotambua mji huu unavyotegemea magurudumu mawili. Mchuuzi wa maji alisukuma baiskeli iliyofungwa madumu pande zote. Mwingine alibeba gunia la mkaa lililompita kimo. Kijana wa maziwa alipiga kengele mlango kwa mlango, na mzee mwenye kofia na kanzu alikuwa akielekea sokoni na kikapu mbele. Niliwahesabu waendesha baiskeli 19 kabla hatujaifikia lami, na hakuna aliyekuwa akifanya mazoezi. Wote walikuwa wakitafuta riziki.

Kisha tukaingia barabara kubwa. Kando yake imejengwa njia ya zege, iliyotengwa na lami kwa mfereji na ukingo. Kwa mita mia tano hivi tulikwenda kwa raha kama watu wa matembezini. Malori yalipita upande wetu wa kulia, lakini yalikuwa na kwao na sisi tulikuwa na kwetu. Mpwa wangu alianza kuhadithia mambo ya madrasa, kwamba amefika sura gani na nani anamsumbua. Ndipo nilipoelewa kazi ya kwanza ya njia ya baiskeli: humwezesha mtu kuzungumza akiwa safarini bila kuogopa.

Raha ile haikudumu. Mbele ya duka moja mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa juu ya njia. Baadaye tukakuta kijiwe cha bodaboda, pikipiki zimesimama kwa mstari, kisha meza za matunda, kisha fundi aliyelaza milango ya chuma akiipaka rangi. Mahali pengine mfuniko wa mfereji ulikuwa umevunjika na shimo limefunikwa kwa tawi la mti. Kila tulipokuta kizuizi tulikuwa na hiari mbili: kushuka na kusukuma, au kuteremka kwenye lami. Mtu mzima mwenye subira hushuka. Mtoto anayechelewa madrasa huteremka.

Kuteremka huko ndiko kwenye hatari. Sheria yetu inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Gari linalokwenda kwa mwendo huo hupita takriban mita 14 katika sekunde moja, yaani kabla dereva hajaudhibiti mguu wake na kukanyaga breki. Likienda kilomita 30 kwa saa hupita mita nane. Tena nguvu ya pigo haikui sawasawa na mwendo, kwani mwendo ukiongezeka maradufu nguvu huwa mara nne. Mtoto juu ya baiskeli huenda kilomita 12 au 15 kwa saa. Akikaa peke yake katika njia yake, akianguka atachubuka goti. Akiwekwa mahali pamoja na chombo kinachokwenda mara tatu au nne ya mwendo wake, kosa dogo la yeyote kati yao huenda likaigharimu roho. Kwa hiyo ukingo wa zege unalinda kuliko mstari wa rangi, na njia isiyokatika inalinda kuliko njia nzuri inayokatika kila baada ya mita mia.

Tulifika penye makutano. Hapo njia ya zege iliishia ghafla bila kuonyesha mwendesha baiskeli apite wapi, ikaanza tena upande wa pili wa barabara. Tulisimama dakika nyingi tukisubiri nafasi. Shemeji alisema kwamba tuta moja kabla ya kivuko, na kivuko chenyewe kikiinuliwa kidogo ili dereva alazimike kupunguza mwendo, vingetosha kubadili mahali pale. Yeye si mhandisi, ila amekatiza hapo kwa miaka minane.

Baada ya makutano tukaanza kukaribia msikiti. Njia ilikuwa wazi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Mpwa wangu aliyekuwa nyuma ya baba yake akasema, "Mjomba, hapa ndipo alipogongwa." Niliuliza imekuwaje agongwe mahali peupe namna hii. Akajibu bila kufikiri, "Ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na magari juu ya njia, akateremka barabarani."

Shemeji alinitazama, nami nikamtazama. Alama ya magurudumu yetu ya jana ilikuwa bado katika mchanga uliopeperushwa juu ya zege.

Tulishuka, tukakaa chini ya mwarobaini ulio karibu na lango. Kwa muda hakuna aliyesema. Kwa njia nzima nilikuwa nikiwalaumu kimoyomoyo mwenye saruji, mwenye matunda, fundi wa milango na vijana wa bodaboda. Hao walikuwa wakitafuta chakula cha watoto wao. Sisi tulikuwa tumeizuia njia ya watu kwa ajili ya kuiwahi ibada, na tulikuwa na hakika kwamba hatujamkosea mtu.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alihukumu kuwa watu wakigombana juu ya upana wa njia, basi iachwe dhiraa saba. Ni zaidi kidogo ya mita tatu. Wanazuoni wameeleza hekima ya kipimo hicho kuwa ni kuwatosha wapitao pamoja na mizigo yao. Yule mchuuzi wa maji mwenye madumu ana sehemu yake katika hukumu hiyo. Abu Said al-Khudri (r.a.) naye amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kukaa barazani kando ya njia, na waliposema kuwa hawana budi, akawaamrisha kuipa njia haki yake, akazitaja haki hizo, na mojawapo ni kuzuia maudhi. Na kila mtoto wa madrasa amefundishwa kwamba imani ina matawi zaidi ya sabini, na lililo chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Tunalisoma kwa maana ya mwiba na jiwe. Gari lililoegeshwa juu ya njia ya watoto ni udhia mkubwa kuliko mwiba.

Wanazuoni wa zamani hawakuyaacha mafundisho haya vitabuni tu. Katika miji ya Kiislamu alikuwapo muhtasib, msimamizi wa soko na njia, aliyekuwa na mamlaka ya kuwaondoa waliozuia mapito. Imamu al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameandika katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba muhtasib amzuie anayejenga katika njia ya watu hata kama njia ni pana, na jengo libomolewe hata kama ni msikiti, kwa kuwa njia zimewekwa kwa ajili ya kupita. Nilipoyakumbuka hayo chini ya mwarobaini, niliona haya.

Tulirudi nyumbani kabla ya Adhuhuri. Dada alikuwa ameandaa ugali wa mtama na mlenda, chakula cha wenyeji wa huku. Tulipomaliza kula nilimweleza yote, pamoja na habari ya gari letu. Hakukasirika. Alinyamaza, kisha akauliza, "Basi hizo njia zinasaidia kweli, au ni zege la kupendezesha mji?"

Nilimjibu kwa yale ninayoyajua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wasio na bati la kuwakinga. Nilimtajia Uholanzi, ambayo leo inasifiwa kwa baiskeli. Mwaka 1971 nchi hiyo ndogo ilizika zaidi ya watu 3,000 waliokufa barabarani, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani, wakaanzisha harakati waliyoipa jina lenye maana ya "Acheni kuua watoto", wakadai njia zitengwe na mwendo upunguzwe. Njia zinazosifiwa sasa zimetokana kwa sehemu kubwa na madai ya akina mama na akina baba wale.

Hata kwetu si jambo geni. Katika miaka ya 1990 Morogoro na Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa miji ya Afrika Mashariki iliyofanyiwa majaribio ya kuboresha njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, barabara zake zilijengwa pamoja na njia za baiskeli pembeni. Anayezipita leo ataona zinavyovamiwa na pikipiki na bidhaa, na ataona pia wanafunzi na wachuuzi wanavyozitumia. Shirika la Amend nalo lilifanya kazi kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam zenye ajali nyingi. Liliweka matuta, vivuko, alama na njia za miguu, vitu visivyo vya gharama kubwa, na utafiti ukaonyesha kuwa majeruhi kati ya watoto wa shule hizo walipungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI Ross Center.

"Robo ya watoto," dada alisema. Alikuwa akimtazama mwanawe, aliyejifanya hasikilizi.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Dada ana kisukari, mwaka wa nne sasa. Daktari amemwambia atembee nusu saa kila siku, siku tano kwa wiki, na hicho ndicho kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa watu wazima, dakika 150 kwa wiki. Watoto wanahitaji zaidi, dakika 60 kila siku. Mwili unaofanya kazi huitumia sukari vizuri zaidi, na moyo na mishipa hupata nguvu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kiasi cha mtu mmoja kati ya kumi wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na kisukari, na mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. "Nilianza kutembea," dada alisema. "Nikaacha. Alfajiri kuna giza, na mchana njia imejaa. Mara mbili pikipiki ilinipitia karibu hata ikanishika mtandio."

Ilinidhihirikia kwamba kwa kipindi chote tulikuwa tukizungumza juu ya mtoto peke yake, na mama yake alikuwa amezuiwa na kizuizi kile kile. Njia iliyo salama kwa baiskeli ya mtoto ni salama kwa mama anayetembea kwa ajili ya afya yake, kwa bibi anayekwenda zahanati na mkongojo, na kwa kipofu anayeshikwa mkono. Nilimkumbusha kuwa vijijini Unguja wanawake waliojistiri kwa mabuibui huendesha baiskeli kwenda shambani, sokoni na kazini, na hakuna anayewageuzia shingo. Akacheka, akasema tuanze na mtoto kwanza.

Jioni ile shemeji nami tulikwenda kuonana na imamu na wazee wawili wa kamati ya msikiti. Shemeji alianza kwa kukiri kosa lake mwenyewe, na nadhani hilo ndilo lililofungua masikio. Hakuna aliyebisha. Mmoja wa wazee alisema kuwa baba wa mtoto yule aliyeumia huswali safu ya pili kila Ijumaa, na hajawahi kulalamika. Walikubaliana mambo matatu. Kiwanja kitupu kilicho nyuma ya msikiti kisafishwe kiwe cha kuegesha magari, kwa ruhusa ya mwenyewe. Vijana wawili wasimame langoni kila Ijumaa kuwaelekeza wenye magari. Na imamu alizungumze jambo hilo katika hotuba, asiliache kuwa tangazo la baada ya swala ambalo watu hulisikia wakitafuta viatu.

Kuhusu makutano, tuliandika barua kupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Wasomaji walio na shida kama hiyo wafahamu kwamba barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwaambia ni ipi inayowahusu. Barua ikitaja mahali hasa, saa ambazo watoto hupita na kitu kinachoombwa, kama vile tuta, kivuko au mfuniko wa mfereji, ni rahisi kujibiwa kuliko malalamiko ya jumla. Katika mkutano wa mtaa wazazi waende wengi. Wenye maduka na wachuuzi nao waitwe kwa wema, watafutiwe nafasi, kwa kuwa nao wana haki ya kuishi.

Usiku dada aliniuliza neno langu. Nilisema: anunuliwe, kwa masharti. Baiskeli iwe ya kimo chake, miguu yake ifike chini akiwa amekaa juu ya kiti, wala isiwe kubwa kwa hoja ya kwamba atakua. Iwe na breki mbili, kengele na taa. Avae kofia ngumu. Penye makutano yale ashuke na kusukuma. Na pale njia inapozibwa ashuke vile vile, hata akichelewa. Mwalimu wa madrasa aambiwe ili asimwadhibu kwa kuchelewa kwa sababu hiyo, kwani mtoto akiogopa fimbo kuliko lori atachagua lori.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Nimesema ningenyamaza," akajibu, "lakini naomba kitu kimoja. Nataka nizione Ijumaa mbili kwanza."

Nilirudi Dar es Salaam Jumapili. Ijumaa ya kwanza hakuniletea habari. Ijumaa ya pili, saa tisa alasiri, simu yangu ilipokea ujumbe wake. Alikuwa amekwenda mwenyewe kusimama ng'ambo ya barabara wakati wa swala, chini ya mti, na jirani yake, mama wa yule mtoto, alikuwa pamoja naye. Njia ilikuwa tupu. Gari moja tu lilikuja likapanda juu ya zege, na kabla mwenyewe hajazima injini vijana wa langoni walikuwa wamemfikia. Akaomba radhi, akaliondoa.

Chini ya ujumbe huo kulikuwa na picha ya baiskeli imeegemezwa ukutani, mpya, ya kimo cha mtoto, karatasi za dukani zikiwa bado zimefungwa kwenye usukani.